Fundi Ko na Chetezo cha Wanaotetemeka

Watu wa Lunkeng wana midomo, na midomo hiyo ilikuwa imeshakata shauri: Fundi Ko Sung-mao amekuwa mlevi. Ushahidi wanao. Kwenye harusi ya binti wa muuza matairi aliangusha sinia zima la kaa. Siku hizi anaburuta miguu utadhani anatafuta sarafu barabarani. Ukimsalimia hatabasamu, anakutazama tu kwa uso mkavu kama ubao wa kukatia nyama. Na ule mkono wa kulia, mkono uliowahi kuchonga figili ikawa joka lenye magamba, sasa unaishi mfukoni mwa aproni toka asubuhi hadi jioni. Ana chupa humo, walisema.

Fundi Ko aliyasikia yote hayo na akayaacha yatembee. Tena kuna siku alinunua chupa ya pombe ya mchele akaiweka wazi juu ya lori la vyombo, makusudi ionekane. Mwenyewe pombe ilimkataa toka ujana, akionja tu anatoka vipele. Lakini kati ya kuitwa mlevi na kuitwa mgonjwa, aliona ulevi una heshima zaidi. Mlevi anaamka mzima kesho yake.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameipika chini ya turubai. Harusi, matanga, mtoto kutimiza mwezi, mtu kushinda uchaguzi, mtu kushindwa uchaguzi: Lunkeng wakitaka kula pamoja wanafunga barabara, wanatandaza turubai la mistari, wanamwita Fundi Ko. Anakuja na malori mawili, majiko kumi ya gesi, na wanawake wanane wanaojua kutukana na kukata vitunguu kwa wakati mmoja. Ikifika saa sita mchana, mji mzima unatafuna. Kubwa kuliko zote ilikuwa karamu ya sikukuu ya Bwana Mkubwa, mungu wa hekalu letu, yule mwenye uso mweusi na ndevu hadi kiunoni. Meza mia na ishirini. Miaka kumi na tisa mfululizo aliipika yeye, na mwaka huu ungekuwa wa ishirini. Mwezi wa pili, kabla hata hajaagiza kaa, daktari akamwambia ana ugonjwa wa Parkinson.

Alimwambia mkewe peke yake, Yueh-o. "Ukifungua mdomo," alisema, "karamu imekwenda. Nani atakubali kupikiwa na mtu anayetetemeka?"

"Nimelala na mkoromaji miaka thelathini na minane sijamtangaza," alisema Yueh-o. "Hili ndilo litanishinda?"

Aliyemfumania ni Tu Pi-lien. Huyu ni mama wa miaka sabini na minne, kondakta wa zamani wa mabasi, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuwafokea abiria wa viti vya nyuma. Naye ana Parkinson, mwaka wa kumi na mbili sasa, na dawa zikimkolea mwili wote unachezacheza. Walikutana hospitalini mwezi wa saba, kwenye benchi la kusubiri, joto la kukausha samaki.

"Mdogo wangu," alisema Pi-lien, "joto hili mkono mfukoni? Unaatamia yai?"

"Nimeumia."

"Wapi?"

"Bega."

"Na bega linakaa mfukoni?"

Fundi Ko akageukia ukutani, akajitia kusoma tangazo la chanjo ya watoto.

"Nilikuona pia ukitoka chooni," Pi-lien aliendelea, na benchi zima likisikiliza. "Umefika mlangoni, miguu ikagoma. Usione haya. Ikigoma, hesabu moja, mbili, au upige teke kitu kilicho mbele yako. Mimi nampiga mume wangu. Haya, Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi wa pembeni wa hekalu. Tuko kumi na saba. Tunakunywa chai, tunajinyoosha, tunawasengenya madaktari, halafu tunaipigania ile taa."

Taa yenyewe ni ya waenda kwa miguu, pale mbele ya hospitali. Barabara ina upana wa mita ishirini na nne, na taa ilikuwa inatoa sekunde ishirini. Mtu mwenye haraka zake anavuka bila kufikiri. Mtu wa Parkinson zinamwishia katikati, na malori ya mchanga yanampigia honi kana kwamba amelala pale kwa starehe. Mwezi uliotangulia mmoja wao, Mzee Fang, alianguka hapo hapo akavunjika nyonga.

"Tumeandika barua nne," alisema Pi-lien. "Wanatujibu kwa adabu kubwa sana. Tunahitaji watu, si barua."

"Mimi simo, Dada."

"Hata mimi sikuwamo. Usipokuja nitakuja kukuita nyumbani kwako, na sauti yangu umeisikia."

Basi Jumamosi akaenda, kwa shingo upande, akipitia uchochoro wa nyuma kama mwizi wa kuku. Alikusudia kukaa dakika tano amzibe mdomo yule mama. Akakaa saa nzima na nusu. Mle ndani kulikuwa na polisi mstaafu aliyekuwa akipiga miluzi ya trafiki ili miguu yake ipate mwendo. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na minne tu, anayeandika herufi ndogo hadi wanafunzi wake wanaomba darubini. Walitaniana bila huruma. Mmoja alimwaga chai yake yote mapajani, mwenzake akasema, "Ya tatu hiyo, bado mbili uvunje rekodi," wakaendelea kuongea. Fundi Ko aliutoa mkono mfukoni bila kujua. Ulitetemeka weee, na hakuna aliyeutazama. Alijisikia vizuri, na kule kujisikia vizuri kukamtia hofu, akaaga.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Wakati wa kuondoka walimfungia keki sita za figili ampelekee mkewe. Sasa, mpishi aliyelisha watu miaka arobaini na mmoja hawezi kubeba chakula cha watu akaondoka bila kuacha chochote, bora afe. Akatoa bahasha nyekundu mfukoni, maana mtu wa kazi yake hakosi bahasha nyekundu, akatia noti chache, akaandika jina lake juu kama anavyoandika kwenye kila harusi, akaiacha mezani. Pi-lien alivaa miwani miwili ndipo akaweza kuisoma. "Ameandika kama anaficha jina lisionwe na mchwa," alisema. Kisha akaiweka ndani ya sanduku la chama chao.

Na kila mtu wa Lunkeng anajua, toka ananyonya, kwamba ukitia bahasha nyekundu yenye jina lako katika sanduku la kikundi chochote cha hekalu, umejiandikisha uanachama. Fundi Ko alilijua hilo vizuri sana. Lakini adabu ya keki ilimziba macho.

Chama chenyewe hakina mwenyekiti, kina mshika chetezo, kama vikundi vyote vya hekalu. Walijaribu kupiga kura mwaka wa kwanza. Kila aliyetajwa akamtaja mwenzake: wewe ndiye unafaa, hapana wewe, mimi nani bwana, wewe ndiye mkubwa. Zikapita saa mbili na nusu za adabu tupu, mpaka dawa zikawaishia mwilini wakaganda vitini wote. Toka hapo wakaona bora kazi hiyo aifanye Bwana Mkubwa. Majina yaliyomo sandukuni yanasomwa mbele yake, na kwa kila jina vinarushwa vibao viwili vyekundu, kila kimoja bapa upande huu, kimebinuka upande ule. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mbinuko juu, Bwana Mkubwa amesema ndiyo. Mbinuko zote juu, amesema hapana. Bapa zote juu, anacheka. Mwenye ndiyo nyingi mfululizo ndiye mshika chetezo wa mwaka, awepo asiwepo, apende asipende.

Siku ya kurusha ilikuwa Jumapili, mwezi mmoja kabla ya sikukuu. Fundi Ko alikuwa nyumbani anamenya vitunguu kwa mkono wa kushoto, amekwisha kuisahau bahasha. Mara kipaza sauti cha hekalu kikakohoa, kile kinachosikika hadi mashamba ya mabalungi.

"Tangazo! Tangazo! Chama cha Wagonjwa wa Parkinson wa Lunkeng kimepata mshika chetezo mpya! Ndiyo saba mfululizo! Ni Ko Sung-mao! Hongera kwa Ko Sung-mao!"

Kisu kikamtoka.

Yueh-o alitoka uani na beseni la mboga. "Kuna Ko Sung-mao wangapi mji huu?" aliuliza.

"Mmoja," alisema Fundi Ko.

Alifika hekaluni jasho linamtiririka. Karatasi nyekundu ilishabandikwa ukutani, jina la chama na jina lake, herufi kubwa kama vichwa vya mbuzi, gundi bado mbichi. Watu wameshaanza kusimama kuisoma. Pi-lien alikuwa anafagia maganda ya karanga.

"Iondoe," alisema Fundi Ko.

"Sijaibandika mimi, amebandika yeye," alisema Pi-lien, akionyesha altareni kwa kidevu. "Nenda ukamwambie yeye."

Basi Fundi Ko akapiga magoti. Akaeleza jina lake, anuani yake, na kwamba limefanyika kosa, ile bahasha ilikuwa ya keki. Akaomba aachiliwe. Akarusha vibao. Mkono ulimcheza, kimoja kikaruka kikagonga mguu wa ngoma, kikarudi. Bapa zote juu. Anacheka. Akarusha tena. Bapa zote juu. Watu waliokuwa ukutani wakasogea. Mara ya tatu aliufunga mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaviachia taratibu kabisa kutoka kwenye magoti. Bapa, bapa.

"Toka nizaliwe sijamwona anacheka hivyo," alisema Pi-lien.

Fundi Ko akakaa chini kwenye mto wa kupigia magoti. Hasira ilimkaba, na chini ya hasira kulikuwa na woga, woga mwingi. "Umeniua, Dada," alisema polepole. "Karamu ya ishirini. Mwenyekiti Hsiao wa kamati akisoma ile karatasi, ataniita. Sina kazi nyingine mimi. Sijui kitu kingine."

Pi-lien aliacha kufagia. Akakaa kwenye mto wa pili, na kwa mara ya kwanza akapunguza sauti. "Mimi nilificha miaka mitatu," alisema. "Kwenye basi nilikuwa nashindwa kurudisha chenji, abiria wakasema nalewa. Nikawaacha waseme. Nikafukuzwa kwa ulevi. Barua ninayo mpaka leo, imeandikwa ulevi, na mimi hata divai ya dawa sijawahi kunywa. Mama yangu amekufa akiamini kazaa mlevi." Akamtazama. "Ungejua kuna wengine, ungeficha?"

Fundi Ko akaokota vibao, akavifuta vumbi kwa aproni.

"Basi," alisema Pi-lien, akarudi kwenye ufagio wake.

Mwenyekiti Hsiao Ting-kuei alifika siku ya pili yake. Huyu ndiye mkubwa wa kamati ya hekalu, mwenye duka la mbolea, mtu wa miaka sitini na tisa anayevaa koti hata kwenye kiangazi. Alikaa jikoni kwa Fundi Ko, akakataa chai, akakunja mikono.

"Fundi, sisi ni watu wazima," alisema. "Watu wanasoma ile karatasi, wananiuliza. Wageni elfu moja na mia mbili. Kuna wakubwa wa wilaya watakuja, kuna ofisa wa barabara. Siwezi kuwaambia supu yao inapikwa na mgonjwa. Lakini jambo lenyewe jepesi. Wewe sema jina limekosewa, ni Ko mwingine, wa mji wa Tainan huko. Mimi nitaitoa karatasi leo hii, karamu ni yako, na hatutaongea tena habari hizi."

Njia ndiyo hiyo, imefagiliwa. Fundi Ko aliufungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini: wamekosea. Miezi minane alikuwa akilisema kwa namna moja au nyingine, limemchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Akabaki mdomo wazi kama samaki wa sokoni.

Beseni likatua sakafuni kwa kishindo. "Mwenyekiti," alisema Yueh-o, "naomba kuelewa, mimi sikusoma. Bwana Mkubwa amempa huyu mzee chetezo chake akishike. Ndiyo saba. Wewe ulivyopata uenyekiti ulipata ndiyo ngapi?"

Mwenyekiti alikohoa. "Tatu."

"Tatu. Kwa hiyo mwenye tatu amekuja kumwambia mwenye saba kwamba Bwana Mkubwa amekosea. Anafaa kushika chetezo, hafai kushika mwiko. Ndivyo nikawaeleze watu sokoni? Nataka nisikosee maneno yako."

"Mama, usinitilie maneno mdomoni..."

"Ni mimi," alisema Fundi Ko. Wote wawili wakamgeukia. "Ko wa kwenye karatasi ni mimi. Hakuna Ko wa Tainan."

Mwenyekiti Hsiao alimkodolea macho, na usoni mwake palipita kitu ambacho Fundi Ko alikichukulia kuwa dharau. Kisha akasimama. "Pika," alisema. "Lakini tone moja likimwagikia mgeni, ndiyo mara yako ya mwisho." Akaenda zake bila kuaga.

Usidhani mambo yalikaa sawa. Harusi mbili zilihamishiwa kwa mpishi mwingine wiki hiyo hiyo, kwa adabu, eti bibi harusi kaota ndoto mbaya. Wengine wakamfanyia hisani ya kumtafutia uongo: Fundi Ko ni mfadhili tu, anawasaidia wale maskini. Walimpongeza kwa ukarimu wake. Naye, nisimfiche, alinyamaza. Kumkatalia mtu mmoja jikoni ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya mji mzima ni kingine. Alimwambia Yueh-o kwamba siku yenyewe mshika chetezo akiitwa jukwaani kusalimia wageni, kama ilivyo desturi, atasema ahsanteni sana kuleni mshibe, na kushuka.

Siku ya sikukuu barabara ilifungwa toka alfajiri. Sauti ya Fundi Ko nayo ilikuwa imeanza kufifia kwa ule ugonjwa, kwa hiyo aliamuru kwa mfuniko wa sufuria: kugonga mara moja leteni, mara mbili ondoeni, mara tatu nani huyo mpumbavu. Visu aliwaachia wanawake wake. Yeye alionja, akagonga, akatukana kwa mfuniko. Sahani za baridi zikatoka, wali wa kunata wenye kaa ukatoka, samaki wa mvuke wakatoka, supu ya mtungi ikatoka inanukia hadi kwa walio na mafua. Halikumwagika tone.

Baada ya supu akaitwa jukwaani. Msichana aliyekuwa anaimba akampa kipaza sauti, naye, kwa mazoea ya miaka sitini na mitatu, akakipokea kwa mkono wa kulia. Kikaanza kucheza. Sauti ikawa inakuja na kuondoka: "Ah... nteni... sana..."

"Fundi, umeonja chupa ngapi?" mtu akapiga kelele kutoka meza za nyuma, na watu wakaangua kicheko, maana kila mtu anakipenda kicheko cha baada ya supu.

Fundi Ko aliwatazama. Elfu moja na mia mbili, midomo inang'aa mafuta yake. Ghadhabu ikampanda kutoka miguuni, ghadhabu safi, hata hofu ikakosa pa kukaa.

"Sijalewa!" alisema, na kipaza sauti kikapiga mluzi. "Nyie majuha, sijawahi kulewa! Nina Parkinson. Mimi si mfadhili wa mtu, mimi ni mgonjwa. Hii supu mliyokunywa mkalamba mabakuli, nimeionja mara ishirini kwa mkono huu huu unaotikisika. Mwenye kinyaa airudishe!"

Hakuna aliyeirudisha. Ilikuwa supu nzuri mno.

"Na kama yupo ofisa wa barabara hapa, asimame."

Kwenye meza ya wakubwa akainuka kijana mmoja mnene mwenye viatu vinavyong'aa, akitabasamu kwa wasiwasi. Fundi Ko akagonga mara moja ule mfuniko aliopanda nao jukwaani. Yueh-o akaleta bakuli la supu, iliyopoa lakini imejaa hadi ukingoni kabisa. Polisi mstaafu na Pi-lien walikuwa wameshanyoosha utepe kati ya meza: mita ishirini na nne. Hilo lilikuwa wazo la Pi-lien, alilipika wiki nzima bila kumwambia mshika chetezo wake zaidi ya kwamba ahakikishe supu inabaki; mengine alimnong'oneza wakati akipanda jukwaani.

"Mheshimiwa," alisema Fundi Ko, "ukibeba bakuli lililojaa namna hiyo utatembea kama sisi, upende usipende. Vuka. Usimwage. Tutakuhesabia zile sekunde unazotupa pale hospitali."

Mji mzima ulihesabu. Moja! Mbili! Ofisa alianza kwa kujiamini, supu ikamkaribia kidole gumba, akafupisha hatua. Saba! Nane! Akawa anaburuta viatu vile vinavyong'aa, mabega yamemwinama, macho hayatoki kwenye bakuli. Watoto wanasimama juu ya viti. Kumi na tisa! Ishirini! Polisi mstaafu akapuliza filimbi. Ofisa alikuwa mita ya kumi na tatu.

"Lori la mchanga limekupitia!" alipaza Pi-lien. "Pole sana. Barua ya rambirambi utapata, kwa adabu kubwa."

Kijana wa watu alicheka hadi akaimwaga yote juu ya viatu. Ni mtu mzuri, hatumlaumu, hajawahi kuvuka pale kwa miguu tu. Aliahidi mbele ya wote, na baada ya wiki sita taa ikawa na sekunde thelathini na nane. Tuliomba arobaini, lakini serikali nayo lazima ionje.

Kabla hajashuka, Fundi Ko alikamata kipaza sauti kwa mikono yote miwili. "Nina neno moja bado. Mwenye mkono kama huu, au mguu unaogoma mlangoni, aje nyuma jikoni. Sitamuuliza jina. Mimi nimejificha miezi minane, ni kazi ngumu kuliko upishi na haina mshahara." Akashuka, miguu ikagoma kwenye ngazi ya mwisho, akaipiga teke spika.

Nyuma jikoni alikaa juu ya kreti la soda na kusubiri. Wageni walipita kuchukua makombo, maana karamu bila mfuko wa mchanganyiko wa supu wa kwenda nao nyumbani si karamu. Walimpiga bega, wakasema hongera Fundi, wakaenda. Ikapita nusu saa. Mifuko ikaisha hadi ikabaki michache. Hakuna mkono wala mguu uliojitokeza, na Fundi Ko aliumia kuliko alivyotarajia.

"Labda mjini hakuna wengine," alisema.

"Labda," alisema Yueh-o.

Ndipo akaingia mke wa Mwenyekiti Hsiao, mama mpole asiyejulikana kwa maneno. Alichukua mfuko wa supu, akaufunga kwa raba, akaufungua, akaufunga tena.

"Fundi," alisema, "nina jirani yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mkono wake wa kushoto... anauliza hicho chama kinachukua watu wa namna gani."

"Wa kila namna. Ana umri gani huyo jirani?"

"Sitini na tisa."

"Anakaa wapi?"

Mama Hsiao aliutazama mfuko wa supu. "Upande wa ukutani," alisema. "Mimi nalala upande wa mlango."

Yueh-o akaweka sufuria chini polepole. Fundi Ko alivua aproni, akatoka nje. Meza zilikuwa zinakunjwa. Kwenye meza ya wakubwa alibaki mtu mmoja, Mwenyekiti Hsiao, na koti lake, mkono wa kushoto chini ya kitambaa cha meza. Fundi Ko akavuta kiti akakaa ubavuni kwake.

"Tangu lini?"

Mwenyekiti alikuwa anatazama jukwaa tupu. "Mwezi wa tatu, mwaka jana."

"Mwaka jana? Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Mshenzi wewe," alisema Fundi Ko, na machozi yakamlenga. "Ukaja kukaa jikoni kwangu, ukaniambia niseme ni Ko wa Tainan."

"Nilitaka ukane," alisema Mwenyekiti Hsiao. "Ungekana wewe, na mimi ningeendelea kukana kwa raha zangu. Uliposema lile neno, 'ni mimi', usiku ule sikulala."

Fundi Ko akachukua chupa ya soda, akammiminia, nusu ikaingia kwenye glasi na nusu mezani.

"Jumamosi saa tatu," alisema. "Na uje na majani yako ya chai, yale ya mlimani. Ya kwetu ni mabaya sana."